Cheti cha Kijani Kivushwe hadi Songo Mnara?

Hoja iliyo mbele ya baraza: Nyumba za visiwa vya Kilwa nazo zipimwe na zipewe vyeti vya ujenzi wa kijani, kama zinavyopimwa nyumba za mijini.

Mahali ni kijiji cha Songo Mnara, ng'ambo ya maji kutoka Kilwa Masoko, jirani na magofu ambayo UNESCO iliyaingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani. Wasemaji ni wa kubuni: Mhandisi, binti aliyetoka Dar es Salaam, anayeunga mkono hoja, Fundi, mwashi wa kijijini, Bi Mkubwa, mwenye nyumba, Mwalimu, anayefundisha historia na kuwatembeza wageni magofuni, na Mwenyekiti wa baraza. Hoja zao hazikubuniwa. Hugongana kila panapotajwa nyumba rafiki wa mazingira katika pwani yetu.

MWENYEKITI: Karibuni barazani. Kabla hatujabishana, Mhandisi atueleze cheti chenyewe kinapatikanaje, maana wengi wetu tumekisikia kwa jina tu.

MHANDISI: Ahsante, Mwenyekiti. Shikamooni wakubwa. Mpango wa BREEAM wa kuyapa majengo alama za mazingira ulianza Uingereza mwaka 1990. Wamarekani wakafuata na LEED, iliyojaribiwa kwanza mwaka 1998. LEED ni kama mtihani: kiwanja, maji, nishati, vifaa, hewa ya ndani, kila kimoja kina alama zake. Ukifikisha 40 unapata cheti, 50 ni fedha, 60 dhahabu, 80 platinamu. Kwa nchi zetu unaotumika sana ni EDGE, wa IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi. EDGE inauliza mambo matatu tu: nishati, maji, na kaboni iliyotolewa na vifaa vya ujenzi kabla havijafika kiwanjani. Katika kila jambo jengo lako lipunguze angalau asilimia 20, likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapo. Programu ipo bure kwenye intaneti: unaingiza ukubwa wa madirisha, aina ya paa, ukuta, mabomba, nayo inapiga hesabu. Mkaguzi anapitia michoro, na ujenzi ukiisha anakuja kuona kwa macho yake.

BI MKUBWA: Marahaba, mwanangu. Mimi nina swali dogo. Hiyo asilimia 20 naipunguza kwenye nini? Nyumba yangu haina kiyoyozi, haina bomba. Ina taa tatu za sola na redio.

MHANDISI: EDGE imelifikiria hilo, Bibi. Nyumba isiyo na kiyoyozi, programu inakadiria umeme ambao ungehitajika kuipoza hadi mtu akae kwa raha, kisha inauandika kama matumizi ya kukisia.

BI MKUBWA: Yaani naandikiwa deni la umeme nisioutumia?

MHANDISI: Unaandikiwa joto unalolivumilia. Tazama juu, Bibi. Bati tupu, halina dari. Likishika jua la saa nane, wewe na wajukuu mnahamia chini ya mwembe hadi alasiri. Kipimo kinachosoma umeme peke yake kingekusifu kwa kuteseka kwako. Na kesho mwanao wa Dar akikuletea kiyoyozi, nyumba hii itakunywa umeme bila kupoa. Paka bati rangi nyeupe, weka dari, acha nafasi juu ya ukuta hewa ipite, utaona hesabu inashuka na wewe unalala ndani mchana.

BI MKUBWA: Hapo umenigusa, maana joto lipo kweli. Lakini usidhani niliweka bati kwa ujinga. Makuti yalikuwa baridi, ndiyo, ila kila baada ya miaka michache nilitafuta mtu wa kuezeka upya, na minazi yenyewe imezeeka. Cheche moja ya jikoni ingemaliza kila kitu. Bati halivuji, na mvua ikinyesha najaza mapipa. Je, programu yako inaandika na hayo maji ya mapipa?

MHANDISI: Inaandika. Uvunaji wa maji ya mvua ni mojawapo ya hatua zinazokupunguzia matumizi.

FUNDI: Basi niulize mimi upande wa ukuta. Nyumba nyingi hapa ni za fito na udongo. Sisi tunazigawa nguzo za mikoko kwa unene: fito, pau, boriti, halafu nguzo zenyewe. Unasimamisha nguzo, unafunga fito, unakandika. Udongo umechimbwa hatua chache kutoka mlangoni na umekandwa kwa miguu. Saruji imechomwa kiwandani Wazo Hill au Mtwara, ikapanda lori hadi Masoko, ikapanda mashua, ikabebwa kichwani toka ufukweni. Kama kweli mnahesabu kaboni iliyotolewa na vifaa, nyumba ya udongo ilipaswa kupewa platinamu bila mkaguzi kuvuka maji.

MHANDISI: Kwenye vifaa, nakubali, ingeshinda. Lakini mwenye nyumba anapopata fedha, kitu cha kwanza anachofanya ni kubomoa ukuta wa udongo na kujenga wa tofali za saruji. Anakimbia nini?

FUNDI: Anakimbia mchwa, anakimbia kukandika kila masika, na anakimbia kuitwa maskini. Hili la tatu ndilo zito.

MWALIMU: Mwenyekiti, niruhusu nirudi nyuma kidogo, maana darasa la ujenzi tunalo hapo magofuni. Mji wa Songo Mnara ulikaliwa tangu mwisho wa karne ya 14 hadi mwanzo wa karne ya 16. Una misikiti mitano, jumba kubwa, na makumi ya nyumba za mawe. Mgeni anapanda ngazi za mlango, anashuka uani, kisha vyumba vinafuatana kimoja nyuma ya kingine, cha ndani kabisa kikiwa mbali na jua. Ukuta ni mnene, wa mawe ya matumbawe na chokaa. Fremu za milango na vishubaka vimechongwa kwa tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi na laini, likaja kukauka na kuwa gumu. Na vyumba ni vyembamba, takriban mita tatu hivi, kwa sababu boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua upana. Hawakuagiza mti mrefu zaidi kutoka mbali. Walipanga maisha yao ndani ya kipimo cha mti walionao.

BI MKUBWA: Na maskini wa mji huo walilala wapi?

MWALIMU: Swali hilo liliachwa muda mrefu. Wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walipoanza kuchimba hapa mwaka 2009, walikuta nyumba za udongo zilikuwepo ndani ya ukuta uleule wa mji. Za mawe ndizo zilizobaki zimesimama, lakini mji ulikuwa wa aina zote mbili. Kwa hiyo tukisema "nyumba ya asili ya pwani", tusiitazame ya tajiri peke yake.

FUNDI: Mwalimu, mimi nayapenda magofu yale kuliko wewe, maana nimeyashika kwa mikono. Lakini usimuuzie Mhandisi hadithi ya peponi. Chokaa ile ilitoka wapi? Unapanga magogo ya mikoko na minazi kama kitanda kikubwa, unalundika matumbawe juu, unawasha, moto unakula usiku na mchana. Kisha unamwagia maji, unaiacha iive. Nyumba moja ya mawe ni magogo mangapi? Hakuna aliyehesabu.

MHANDISI: Kemia yake inajulikana, fundi. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa zikiungua sawasawa, kilo 44 hupaa kama hewa ya kaboni, kilo 56 hubaki kuwa chokaa. Hiyo ni mbali na moshi wa kuni. Kwa faida yake, chokaa ikiwa ukutani hunyonya tena polepole sehemu ya hewa ile wakati inakauka. Saruji nayo hutoa kaboni kwa njia hiyohiyo ya kuunguza mawe, tena kwa joto kubwa zaidi.

FUNDI: Na matumbawe yenyewe? Mafia na Mikindani watu walichimba matumbawe baharini kwa ajili ya mawe na chokaa, na kila mvuvi anajua samaki hufuata mwamba. Mikoko hivyo hivyo: ukiimaliza, bahari inakula pwani. Leo boriti huwezi kukata bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na ni haki. Nyumba ya babu zetu ingesimama mbele ya mkaguzi, ingefaulu kwa joto, ingefeli kwa kuni.

MWENYEKITI: Basi tumekubaliana kwamba uzee haumpi mtu cheti. Mwalimu, pingamizi lako juu ya hoja ni nini hasa?

MWALIMU: Ni asilimia. Mpango huu unampa tuzo aliyepunguza, haumuulizi alikuwa anatumia kiasi gani. Tuchukue mfano. Bi Mkubwa na wenzake ni watu sita, wanateka ndoo sita za lita 20 kwa siku. Kila mtu lita 20, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kuwa cha huduma ya msingi tu. Ukimwambia apunguze asilimia 20, unamnyang'anya kila mtu lita nne. Sasa mweke mgeni hotelini anayetumia lita 300. Hoteli ikiweka mabomba ya kubana maji akatumia 240, inapewa cheti cha kutundika mapokezi. Aliyetumia lita 20 hana cheti, aliyetumia 240 anacho. Kipimo kama hicho kinamheshimu mfujaji aliyejirekebisha, na hakimuoni asiyefuja kabisa.

MHANDISI: Mfano wako ni wa kweli kihesabu, Mwalimu, ila umeuelekeza pasipo. EDGE haikuundwa kumpunguzia Bi Mkubwa ndoo. Imeundwa kwa ajili ya hoteli ile, kwa sababu hoteli itajengwa tu, cheti kiwepo kisiwepo. Lita 60 za kila mgeni, kila siku, kwa miaka 30, kutoka kwenye visima vilevile vinavyotegemewa na kijiji. Huoni hiyo ni kazi?

MWALIMU: Naiona, kama kweli hizo lita 60 zinaokolewa. New York kuna mnara wa Bank of America, uliopata platinamu ya LEED mwaka 2010, ukasifiwa ulimwengu mzima. Jiji lilipoanza kuchapisha matumizi halisi ya nishati ya majengo, ikaonekana mnara ule unakula nishati zaidi kwa kila mita ya mraba kuliko Empire State, jengo lililofunguliwa mwaka 1931. Cheti kilisoma michoro. Mita ilisoma maisha.

MHANDISI: Sitautetea mnara ule, ingawa wapangaji wake ni wafanyabiashara wa fedha waliojaza kompyuta zinazofanya kazi usiku na mchana, na kompyuta hizo hakuzichora msanifu. Kosa ulilolitaja limeonekana hata na wenye mipango. LEED ina mlango wa majengo yanayotumika tayari, yanayopimwa kwa bili zao. EDGE ina ngazi ya juu ya kaboni sifuri, ambayo huipati mpaka jengo litumike mwaka mzima na takwimu zake zionekane.

MWALIMU: Ngazi ya juu. Kwa nini mita isiwe ngazi ya kwanza?

MHANDISI: Kwa sababu ya fedha, na hapa ndipo naomba mnisikilize. Mjenzi anahitaji cheti kabla hajajenga, ili apate mkopo. Mwaka 2019 kampuni ya Acorn ya Kenya ilitoa hati fungani ya kijani ya kwanza nchini humo, ikakusanya shilingi za Kenya bilioni 4.3 kujenga hosteli za wanafunzi Nairobi. Sharti la ukijani lilishikizwa kwenye vyeti vya EDGE. Mwaka uliofuata hati zile zikaorodheshwa Nairobi na London. Hapa kwetu benki ya CRDB iliuza hati fungani yake, Kijani Bond, mwaka 2023, na Mamlaka ya Maji Tanga ikauza hati yake mwaka 2024. Fedha za kijani zinatafuta mahali pa kutua. Mwenye fedha yuko mbali, hawezi kuja kugusa ukuta wako. Anataka karatasi ambayo mtu asiye na maslahi ameitia sahihi. Bila karatasi, kila muuza nyumba atapaka ukuta rangi ya majani na kujiita wa kijani.

BI MKUBWA: Na karatasi hiyo inalipiwa na nani?

MHANDISI: Na mjenzi, Bibi. Kuna ada ya kujisajili, ada ya cheti na ya mkaguzi.

BI MKUBWA: Basi mwanangu, kwangu usije nayo. Mimi nikipata fedha ya mkaguzi, nitaweka dari.

FUNDI: Bi Mkubwa amemaliza nusu ya mjadala. Nusu nyingine ni hii: nyumba ikiharibika nani anaitengeneza? Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja pwani hii, mvua ikakata barabara ya Dar es Salaam na Lindi. Barabara ikikatika, saruji haiji, kioo cha dirisha hakiji, betri ya sola haiji. Udongo na mikono yetu vipo. Nyumba ambayo fundi wa kijijini anaweza kuirudisha kwa vitu vilivyo ndani ya mwendo wa siku moja, hiyo ina sifa ambayo sijaisikia katika mambo yako matatu.

MHANDISI: Katika EDGE haimo, hilo ni kweli. Mipango mingine inagusa ustahimilivu, lakini uwezo wa fundi wa jirani sijauona ukipewa uzito unaostahili.

FUNDI: Na siyo jambo la kufikirika. Magofu yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014. Katikati hapo ilifanyika kazi, shirika la World Monuments Fund likiwemo, na wanakijiji wakishiriki. Kazi ile ilirudi kwenye chokaa. Sababu ni moja: saruji ni ngumu kuliko jiwe la tumbawe, inafunga unyevu na chumvi ndani, na jiwe linameguka nyuma ya plasta huku wewe unaiona nzuri kwa nje. Chokaa inapumua. Ufukweni wakapanda mikoko ili mawimbi yasile kuta. Ukinitaka nikuambie jengo la kijani ni lipi, nitaanza hapo: vifaa vinavyopatana, mtu anayejua kuvitengeneza, na mti uliopandwa mahali pa uliokatwa.

MHANDISI: Fundi, hayo uliyoyataja yanaweza kuandikwa kuwa vigezo. Na yasipoandikwa, mwekezaji atakayekuja hatayajua. Wewe unaogopa kipimo; mimi naogopa mahali pasipo na kipimo, kwa sababu hapo mwenye sauti kubwa ndiye anayeaminiwa akisema nyumba yake ni ya kijani.

MWALIMU: Hapo tumekutana. Sikatai kipimo. Nakataa kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya anayetumia sana kigeuzwe sheria ya anayetumia kidogo, halafu tuite usawa. Gesi ya Songo Songo, kisiwa jirani katika wilaya hii hii, imekuwa ikiwasha mitambo ya umeme Dar es Salaam tangu 2004. Viyoyozi vya mjini vinapoza kwa gesi ya Kilwa. Aanze kupimwa anayepoa.

MWENYEKITI: Nimesikia pande zote, na baraza limenitaka nitoe uamuzi. Nautoa.

Kwanza, hoja kama ilivyoletwa imeshindwa. Nyumba ya kijiji isiyo na bomba wala kiyoyozi haina cha kupunguza, na kumtoza mwenyewe ada ya kuthibitisha umaskini wake ni dhihaka. Anachohitaji ni dari, bati la rangi nyeupe, tangi la maji ya mvua, na mafunzo ya udongo usioliwa na mchwa. Msaada huo upelekwe bila cheti.

Pili, kwa hoteli, nyumba za mradi, na majengo ya serikali yatakayojengwa wilayani Kilwa, kipimo kiwepo na kiwe cha lazima. Mhandisi ametushawishi kwamba pasipo ushahidi wa mtu wa tatu, neno "kijani" ni rangi tu. Lakini karibu na asilimia iliyopunguzwa, cheti kionyeshe na tarakimu mbili za wazi: lita za maji na yuniti za umeme kwa kila mtu kwa siku. Na kisiwe cha milele. Baada ya mwaka mmoja mita isomwe. Ikipingana na michoro, cheti kirudishwe.

Tatu, vigezo viongezwe vile alivyovitaja Fundi: jengo litengenezeke kwa mafundi na vifaa vya karibu, boriti ziwe na kibali na miti ipandwe, na matumbawe hai yasiguswe. Mwenye kutaka kujenga kwa chokaa aonyeshe kuni zake zimetoka wapi.

Na wewe msomaji, popote ulipo, siku utakapouziwa au kupangishwa nyumba kwa jina la ujenzi wa kijani, usiishie kwenye karatasi ya ukutani. Omba rekodi ya umeme wa LUKU ya miezi 12, omba bili ya maji, na uulize humo wanaishi watu wangapi. Mwenye nyumba asiyeweza kukupa majibu hayo, usimlipe hata shilingi moja ya ziada kwa ajili ya cheti chake.